Pikipiki inazimazima milimani: fungua mfuniko wa tenki kabla hujanunua CDI

Swali nimelifupisha kidogo ila ya muhimu yote yapo:

"Fundi shikamoo. Nimetoka Dar na pikipiki yangu ya cc 150, ya kabureta, nimempakia mdogo wangu na begi moja kubwa. Tumepita Morogoro, Kitonga, Iringa, Makambako mpaka Njombe, tukapanda Makete, tukavuka Kitulo tukashukia Matamba mpaka Chimala, sasa tuko Mbeya. Mpaka Mafinga haikuwa na shida yoyote. Pale tulinyeshewa sana, maji yakaingia kwenye tenki kupitia mfuniko, nikaweka nailoni chini ya mfuniko yasiingie tena. Kuanzia Makambako nikitembea kama nusu saa inaanza kukohoa, inaishiwa nguvu, inazima. Nikipumzika robo saa napiga kiki inawaka vizuri tu. Kupanda Kitulo ilikuwa nzito, inatoa moshi mweusi na harufu ya petroli, lakini haikuzima sana. Kushuka Matamba ndo ilinitesa, imezima mpaka nikachoka kuhesabu. Njombe fundi kabadilisha plagi. Makete mwingine akasema CDI inakufa ikipata moto. Hapa Mbeya naambiwa ni urefu wa mlima, nibadilishe jeti. Kitu kingine, Chimala nilipofungua tenki kujaza mafuta lilipiga fsss. Kesho kutwa narudi Dar, nibadilishe CDI au jeti?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, kushuka Matamba na abiria huku injini inakufa kila kona sio jambo dogo. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hela ya plagi umeshatoa na bado unataka kutoa ya CDI na ya jeti, na kwa maelezo yako mi sioni CDI (kile kiboksi cha umeme kinachorusha cheche) wala jeti (kile kitundu kinachopima mafuta kwenye kabureta) hapo. Naona ile nailoni. Nenda kaitoe saivi alafu urudi usome kwa nini, maana ukielewa kwa nini utajua pia cha kufanya endapo itazima tena ukiwa umeshaitoa.

Mfuniko wa tenki una kitundu kidogo cha hewa. Wengi hawakijui kwa sababu kimejificha, kwenye mifuniko ya ufunguo mara nyingi kiko chini ya ile raba ya mviringo au kwenye upenyo wa kitasa chenyewe. Mafuta yakishuka kwenda kwenye kabureta lazima hewa iingie tenkini ichukue nafasi yao, na mlango wake ni hicho kitundu. Kama umewahi kumimina mafuta ya kupikia kutoka kwenye dumu lililotobolewa tundu moja tu unajua inavyokuwa, yanatoka kidogo yanakwama, ukitoboa tundu la pili upande wa juu yanatiririka. Pikipiki yako haina pampu, petroli inashuka yenyewe kwa uzito wake, na kutoka kwenye tenki hadi kwenye kabureta ni sentimita ishirini na kitu hivi. Msukumo wa petroli yenye kimo hicho ni mdogo mno, haufiki hata asilimia 2 ya msukumo wa hewa iliyotuzunguka. Maana yake tenki likibanwa hewa hata kidogo tu, mafuta yanasimama, hata kama tenki limejaa mpaka shingoni.

Sasa utauliza mbona ilikuwa inatembea nusu saa nzima ndo inazima. Ni kwa sababu nailoni haizibi asilimia mia, inaruhusu hewa kidogo kupenya pembeni, tatizo hewa inaingia polepole kuliko mafuta yanavyotoka. Pikipiki ya cc 150 yenye watu wawili na mzigo kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa inaweza kula karibu robo tatu lita ndani ya hiyo nusu saa, hewa ya kiasi hicho lazima iwe imeingia na yako haikuingia yote. Kwa hiyo mafuta kwenye bakuli la kabureta, kile kikombe chake cha chini, yakaanza kupungua taratibu, injini ikaanza kupata mafuta pungufu, ikakohoa, ikaishiwa nguvu, ikazima. Ukakaa robo saa. Kwenye hiyo robo saa hewa imeendelea kupenya, na joto la injini limepasha tenki kidogo mvuke wa petroli ukaongezeka mule ndani, msukumo umerudi, mafuta yameshuka, bakuli limejaa, unapiga kiki inawaka na wewe unaona injini ilikuwa imechoka inataka kupumzika. Haikuwa imechoka, ilikuwa na njaa.

Na hapa ndo mlima unapoingia, ila sio kwa namna uliyoambiwa na fundi wa hapo Mbeya.

Ukipanda mlima hewa ya nje inapungua msukumo, kila mita 100 unazopanda inapungua karibu asilimia moja. Kitulo juu kule ni mita 2,600 hivi, hewa ina msukumo pungufu kwa zaidi ya robo ukilinganisha na Dar. Sasa wewe ulikuwa na tenki lililozibwa, ndani lina hewa ya chini uliyoibeba, nje hewa inazidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda. Tenki badala ya kunyonya linasukuma. Petroli inashuka kwenye kabureta kwa nguvu kuliko kawaida, sindano ya floti (inayofunga mafuta bakuli likijaa) inashindwa kuizuia sawasawa, bakuli linajaa kupita kiasi, injini inapewa mafuta mengi kwenye hewa chache. Ndo ile nzito, ndo ule moshi mweusi, ndo ile harufu ya petroli uliyoisikia, na ndo sababu haikuzima sana wakati wa kupanda. Wewe mwenyewe umeniandikia bila kujua kwamba hilo ndilo jibu.

Kushuka ni kinyume chake. Kila mita 100 unazoshuka hewa ya nje inaongeza msukumo kama asilimia moja, tenki limebaki na hewa nyepesi ya Kitulo. Nimekuambia petroli inashuka kwa msukumo usiofika asilimia 2. Kwa hiyo tenki likiwa limezibwa vizuri mita 200 tu za kushuka zinatosha kusimamisha mafuta hata kama hujatumia tone, na kutoka Matamba mpaka Chimala unashuka mamia ya mita, kona baada ya kona, watu wenyewe wanapaita Hamsini na Saba kwa ajili ya hizo kona. Unasimama, hewa inapenya kidogo, inawaka, unashuka kona kadhaa, hewa ya nje imeshaongezeka tena, inazima. Na ile fsss ya Chimala ni hewa ya nje inaingia kwa nguvu kwenye tenki lililokuwa linanyonya. Ungepata fsss hiyohiyo juu Kitulo ingekuwa inatoka, Chimala ilikuwa inaingia.

Kwa hiyo mpaka hapo kila ulichoniandikia kinakaa sehemu moja. Ilianza baada ya nailoni, kabla ya hapo Kitonga mlipanda na mzigo uleule ikiwa salama, inazidi wakati wa kushuka, inapona ikipumzika, na tenki linapiga fsss. CDI haiwezi kueleza moshi mweusi wa kupanda. Jeti haiwezi kueleza kuzima kwa kushuka alafu kuwaka yenyewe baada ya robo saa.

Ila simlaumu sana fundi wa Makete, nataka uelewe kwa nini alifika kwenye CDI, kwa sababu hilo ndo kosa linalowala watu hela nchi nzima. Koili, pulsa na CDI, vyote vifaa vya kutengeneza cheche, zikianza kuchoka zina tabia hiyohiyo, zikipata joto zinakata cheche, zikipoa zinarudi. Mtu akisikia "inazima ikitembea, inawaka ikipumzika" moja kwa moja anasema umeme. Na wewe ukifika gereji pikipiki imeshapoa, inawaka, cheche ipo, mafuta yapo, hakuna cha kupima, anabaki kukisia. Ushahidi wote upo kwenye dakika moja ya kwanza baada ya injini kuzima, ukishakaa robo saa umeufuta. Kwa hiyo ikizima tena usikae kwanza. Toa pikipiki barabarani, kama ni kwenye kona kata matawi weka nyuma na mbele kwa umbali wa kutosha malori yakuone, mwambie mdogo wako asimame mbali na barabara, alafu fanya haya yafuatayo hapohapo injini ikiwa ya moto.

Kwanza kumbuka ilizima vipi, hii haihitaji spana. Kama ilikata ghafla, yaani sekunde hii inavuta vizuri sekunde inayofuata kimya, hapo fikiria umeme. Kama ilikohoa, ikapunguza nguvu, ukivuta mafuta inazidi kulegea, ukiachia kidogo inajikongoja, hapo mafuta hayafiki. Kama ilikuwa inabubujika, nzito, moshi mweusi, hapo mafuta yamezidi. Yako umesema ilikohoa na kuishiwa nguvu, na hilo peke yake lilitosha kumfanya fundi aanze na tenki.

Pili fungua mfuniko huku umesogeza sikio. Ukisikia inavuta hewa funga tena bila kuukaza, hesabu taratibu mpaka thelathini bakuli lijae, piga kiki. Ikiwaka ndani ya dakika hiyo moja bila kupoa hakuna koili wala CDI iliyopona kwa kufunguliwa mfuniko, umemaliza kazi.

Tatu, kama mfuniko haujabadili kitu, chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia mafuta. Weka chupa ya maji ya kunywa, ile inayopitisha mwanga, legeza skrubu koki ya tenki ikiwa wazi uangalie. Yale ya kwanza ni ya kwenye bakuli, usiyahesabu, angalia yanayofuata. Yakiendelea kutiririka mfululizo, njia ya mafuta ni nzima. Yakitoka kidogo yakageuka matone, njia imebanwa kwenye koki, kwenye chujio au kwenye mpira wa mafuta uliojikunja. Injini ni ya moto na petroli haisubiri mtu, kwa hiyo hakuna sigara, na ukimaliza kaza skrubu, pangusa, subiri ikauke kabla ya kugusa mambo ya cheche.

Nne ndo cheche, na ni ya mwisho kwa makusudi. Mfuniko umefungwa, chupa ya petroli umeipeleka mbali, toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, chuma chake kiguse kichwa cha injini vizuri, piga kiki. Unataka cheche ya bluu inayosikika ikipiga. Ikiwa ya njano dhaifu au hamna kabisa wakati injini ni ya moto, alafu ikipoa inarudi, basi hapo sasa fundi wa Makete ana hoja, na hata hapo anza na plagi na kofia yake, kisha koili, CDI iwe ya mwisho maana ndo inayosingiziwa sana na kufa mara chache. Ukiweza azima ya mwenzako mwenye pikipiki kama yako uijaribu kabla ya kununua.

Na plagi hiyohiyo ukiwa umeitoa iangalie. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake mafuta yamezidi au ea klina (chujio la hewa) imeziba. Imelowa petroli, injini imezama. Nyeupe kavu kama imeungua, mafuta pungufu. Rangi ya udongo uliokauka, hudhurungi hivi, ndo nzuri. Nakutabiria ya kwako ukiitoa leo itakuwa na masizi ya kule Kitulo.

Kitu ambacho hukuniuliza lakini kinanihangaisha ni yale maji ya Mafinga. Umesema yaliingia kwenye tenki, hukusema kama umeyatoa. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kabisa, na chini kabisa ndo ilipo koki. Yanaweza kukaa siku nyingi yametulia, pikipiki ikiinama kwenye mlima yanasogea yanaingia kwenye mdomo wa koki, inakohoa, unalaumu kitu kingine. Hapo Mbeya kabla ya kuondoka toa mpira wa mafuta, fungua koki upande wa rizevu umwage kama nusu lita kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji utayaona chini yamejitenga, mengine yanakuwa matone ya duara yanacheza chini ya petroli. Endelea kumwaga mpaka itoke safi. Fanya hivyohivyo kwenye bakuli la kabureta. Na kama kule Makete vijijini ulinunua petroli ya kwenye chupa au vidumu, ndo sababu zaidi ya kufanya hivi, sisemi wauzaji wana nia mbaya, ila dumu linalofunguliwa kwenye ukungu na mvua kila siku haliwezi kukosa maji.

Tuje kwenye jeti, maana huyo fundi wa Mbeya hajasema uongo, kasema ukweli usio na msaada kwako. Ni kweli juu mlimani hewa ni chache, kabureta haijui, inaendelea kutoa mafuta karibu yaleyale, mchanganyiko unakuwa mzito, nguvu zinapungua. Kitulo hata pikipiki mpya kabisa inapoteza karibu robo ya nguvu zake na wewe umebeba watu wawili na begi, hapo gia ya pili na ya kwanza ndo gia zako, usitegemee miujiza. Lakini kuzima kabisa mara kwa mara, hapana. Angalia vijana wa bodaboda wa Njombe na Makete wanaofanya kazi kule mwaka mzima, wengi wanatembelea jeti zilezile za kiwandani. Na ubaya ukipunguza jeti kwa ajili ya Mbeya, kesho kutwa unashuka Dar kwenye joto na hewa nzito, injini inapata mafuta pungufu, inachemka, na safari ndefu ya kasi kwa mafuta pungufu ndo inatoboa pistoni. Mtu anayeishi mlimani na hatoki huko anaweza kufikiria jeti ndogo. Msafiri anayepita siku mbili aache.

Cha kurekebisha mlimani ni viwili tu, na vyote havina gharama. Kimoja ni sailensa, ile ngurumo ya injini ukiwa umesimama hujashika akseleta. Juu inashuka chini, ukibana klachi kwenye kona inakufa. Ongeza kidogo kwa ile skrubu kubwa ya pembeni ya kabureta ambayo unaweza kuizungusha kwa vidole, ukishuka uirudishe. Cha pili ni ea klina. Barabara ya vumbi ile ya Makete na Kitulo inaziba sponji haraka, ikiziba hewa inazidi kupungua juu ya ile ambayo tayari ni chache. Ifue kwa maji ya sabuni, ikamue bila kuipindapinda, ikauke kabisa, ipake oili kidogo sana, rudisha. Usikubali mtu akuambie uitoe utembee bila hiyo ili "ipumue", vumbi linakula ringi za pistoni.

Nataka pia upime waya, kwa sababu imekuzimia sana kwenye kona za kushuka Matamba na kona zina kesi yake nyingine. Washa pikipiki ikiwa imesimama, ipo fri, geuza usukani wote kushoto, wote kulia, taratibu, mara kadhaa, alafu shika ule mkusanyiko wa waya nyuma ya taa utikisetikise na funguo pia. Ikikata au ikibadilika sauti umepata waya uliochubuka shingoni mwa usukani, hapo ndo panasuguliwa kila unapogeuza, na kwenye kona kali kama za Hamsini na Saba usukani unageuzwa kuliko unavyogeuzwa kwenye lami mwaka mzima. Sidhani kama ndo yako, ya waya ingekata ghafla bila kukohoa na ingewaka hapohapo ukinyoosha usukani, lakini ni kipimo cha dakika mbili na nimeona pikipiki zimefunguliwa injini nzima kwa ajili ya waya mmoja.

Na tapeti, yaani nafasi ya valvu. Ikiwa asubuhi inawaka tabu, na ikipata moto sana inakufa kwenye sailensa, kiki inakuwa nyepesi haina ukinzani, basi valvu zimekaza, zikipata joto hazifungi vizuri. Hiyo inapimwa injini ikiwa baridi kabisa, baada ya kulala, nafasi kwa pikipiki nyingi za aina yako ni kati ya 0.05 na 0.10 mm lakini fuata namba ya kitabu cha pikipiki yako sio yangu. Yako hujaniambia dalili hizo kwa hiyo siipi uzito.

Kuna lingine la kule juu ambalo wengi hawaliamini, barafu ndani ya kabureta. Petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto, kwenye asubuhi ya baridi yenye ukungu kama za Kitulo unyevu wa hewa unaweza kuganda pale kwenye koo la kabureta, hasa ukishuka muda mrefu umeachia akseleta. Inazima, unakaa dakika chache joto la injini linapanda linayeyusha, inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Dalili yake kabureta kwa nje inakuwa ya baridi sana na yenye umande. Ikitokea ni kusubiri tu na kuepuka kuteremka muda mrefu akseleta ikiwa imefungwa kabisa. Wewe umeshuka mpaka karibu na Chimala kwenye joto na bado ilikuwa inazima, kwa hiyo barafu tuitoe.

Sasa kazi ya kufanya hapo Mbeya. Nailoni ukishaitoa, ondoa mfuniko mzima uangalie raba yake. Maji yaliingia kwa sababu, na mara nyingi ni hiyo raba imepasuka au imekakamaa, badilisha, ni spea ya bei ndogo. Angalia pia kama kuna kitundu cha kutolea maji kwenye lile shimo linalozunguka mfuniko, tenki nyingine zina mpira mwembamba unaopeleka maji ya mvua chini, ukiziba na vumbi maji yanasimama yanatafuta njia ya kuingia ndani. Zibua. Alafu kitundu cha hewa chenyewe, pitisha waya mwembamba, nyuzi moja ya waya wa breki inatosha, puliza kwa mdomo upande wa ndani usikie inatoka. Mifuniko mingine ina kigololi kidogo ndani cha kuzuia mafuta yasimwagike pikipiki ikianguka, kikishikwa na kutu na vumbi kinaziba hata bila nailoni, kwa hiyo ukipuliza usisikie kitu kioshe kwa petroli mpaka kilegee, kikigoma nunua mfuniko mwingine.

Mvua ikikukuta njiani funika mfuniko kwa juu, nailoni ining'inie huru pembeni hewa ipite, usiifunge kwa mpira wala usiibane. Na lile begi, kama huwa unaliweka juu ya tenki mbele yako, lihamishe nyuma, begi lililolowa likilalia mfuniko linafanya kazi ileile ya nailoni.

Kujaribu usisubiri barabara kuu. Jaza tenki, kesho asubuhi bila mzigo mkubwa panda Uyole kuelekea Isyonje mwendo wa nusu saa na zaidi, geuka, shuka bila kusimama. Ikishuka mpaka chini haijakohoa umepona. Ikikohoa fanya vile vipimo vinne hapohapo, sasa unavijua.

Kurudi Dar utakuwa na Kitonga kwa kushuka safari hii, toka Ilula kwenda Ruaha Mbuyuni. Shuka na gia ya pili au ya tatu, injini ikushikie, usitie fri wala usibane klachi ukaiacha itelezeke, breki za ngoma na watu wawili zikichemka hazikamati tena na nyuma yako kuna malori yaliyobeba tani nyingi. Injini ikizima kwenye mteremko gia ikiwa ndani usiogope, inaendelea kukushikia vilevile, tafuta sehemu pana usimame. Na usiingie na mafuta ya rizevu kwenye miteremko mikali, ukiinamisha pua chini petroli inakimbilia mbele ya tenki na kwenye pikipiki nyingi koki iko nyuma, itazima na mafuta yapo.

Kama mpaka Mikumi mjini bado kuna hata dalili ya kukohoa usiendelee mbele, lala pale umtafute fundi. Mbele yako kuna kama kilomita 50 za barabara inayokatiza katikati ya hifadhi, kuna tembo na simba, na sio mahali pa kusimama unasikiliza tenki. Ukikwama hapo Mikumi niandikie mambo matatu tu: ilizima kwa kukohoa au kwa kukata, mfuniko ulivuta hewa au haukuvuta, na plagi ina rangi gani ikiwa bado ya moto.